Uwezo wa betri ya kamera ya kidijitali

Uwezo wa betri ni kiasi cha nishati ambacho betri iliyojaa huweza kukitoa kabla volti zake hazijashuka chini ya kiwango ambacho kamera inakihitaji ili ifanye kazi. Ndani ya maelezo hayo mafupi mna mambo matatu yanayochanganywa mara kwa mara: uwezo ulioandikwa kwenye lebo, uwezo unaopatikana kwa wakati fulani kulingana na hali ya hewa na mzigo wa kazi, na uwezo uliosalia baada ya betri kuzeeka. Mpiga picha anayeyatenganisha mambo hayo huchagua betri kwa kujiamini zaidi, hutambua wakati wa kuibadilisha, na huachana na desturi za utunzaji zilizorithiwa kutoka katika betri za aina nyingine kabisa.

Tuanze na lebo. Betri nyingi za kamera huandikwa volti, kisha miliampea-saa, ambazo hufupishwa mAh, na mara nyingi wati-saa, yaani Wh. Macho ya mnunuzi hukimbilia miliampea-saa kwa kuwa ndiyo tarakimu kubwa kuliko zote, lakini tarakimu hiyo peke yake haisemi betri ina nishati kiasi gani. Ni lazima izidishwe kwa volti, kisha igawanywe kwa 1,000 ili zipatikane wati-saa. Betri ya Sony ya NP-FW50, iliyotumika katika kamera ya A7 II, ina volti 7.2 na miliampea-saa 1,020, hivyo nishati yake ni takriban wati-saa 7.3. Betri ndogo ya NP-BX1 ya kampuni hiyohiyo ina miliampea-saa 1,240, na kwa kutazama tarakimu hiyo tu mtu angedhani ndiyo yenye nguvu zaidi. Kumbe volti zake ni 3.6, na nishati yake ni kama wati-saa 4.5. Betri ya NP-FZ100, iliyokuja baadaye na kutumika katika A7 III, ina volti 7.2 na miliampea-saa 2,280, yaani wati-saa 16.4, ambazo ni zaidi ya maradufu ya NP-FW50. Tofauti ya volti hutokana na idadi ya seli: betri ya volti 3.6 ina seli moja, na ile ya volti 7.2 ina seli mbili zilizounganishwa mfululizo. Kwa hiyo miliampea-saa zinafaa kulinganishwa pale tu betri zote mbili zina volti sawa. Vinginevyo kipimo cha haki ni wati-saa.

Karibu kamera zote za leo zenye betri ya umbo maalumu hutumia kemia ya lithiamu-ayoni, ambayo Sony iliiingiza sokoni mwaka 1991, na ambayo waasisi wake John B. Goodenough, M. Stanley Whittingham na Akira Yoshino walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Wakati wa kuchaji, ayoni za lithiamu, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme, husafiri hadi upande wa grafiti, ambayo ni aina ya kaboni, na kujipenyeza ndani yake. Wakati wa kutumia, hurudi upande wa pili uliotengenezwa kwa oksidi ya metali. Seli moja iliyojaa hufikia takriban volti 4.2, kwani zile 3.6 za lebo ni wastani tu. Betri hizi hazina ile tabia iliyohusishwa na betri za zamani za nikeli-kadimi, ya kupunguza uwezo zinapochajiwa kabla ya kuisha. Kuichosha betri ya lithiamu hadi ifike sifuri kabla ya kuichaji ni desturi isiyo na faida yoyote kwake, na ikirudiwa mara nyingi huichakaza.

Uwezo wa lebo haubadiliki kutoka kamera moja hadi nyingine, lakini idadi ya picha hubadilika sana. Mfano ulio wazi kuliko yote ni betri ya Canon ya LP-E6N, ambayo katika kamera ya EOS 5D Mark IV ilikadiriwa kupiga picha kama 900, ilhali katika EOS R ilikadiriwa kupiga kama 370. Betri ni ileile. Mlaji wa umeme ndiye aliyebadilika. Katika kamera ya kwanza jicho hutazama kupitia kioo na lenzi bila kutumia skrini yoyote, na kihisi cha picha hupumzika hadi kitufe kinapobonyezwa. Katika kamera ya pili, ambayo haina kioo cha ndani, kihisi hufanya kazi mfululizo na picha yake huoneshwa kwenye skrini wakati wote ambao mtu anatafuta cha kupiga.

Makadirio hayo hufuata utaratibu uliowekwa na CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera chenye makao yake Japani. Kwa ufupi, katika kipimo hicho picha hupigwa kila baada ya sekunde 30, fleshi ya kamera, kama ipo, huwaka kwa kila picha ya pili, kamera huzimwa na kuwashwa kwa vipindi, na joto la chumba huwa karibu nyuzi 23 za Selsiasi. Ni utaratibu mzuri wa kulinganisha kamera na kamera, na kwa kazi hiyo nauamini, lakini haufai kuchukuliwa kama ahadi. Mtu anayepiga picha za michezo kwa mfululizo wa haraka anaweza kuizidi idadi iliyotajwa mara kadhaa, na mwingine anayekaa saa nzima akimsubiri ndege huku skrini ikiwaka anaweza kuishiwa chaji akiwa na picha chache mno. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya umeme hutumiwa na muda ambao kamera iko macho, si na kitendo cha kupiga picha chenyewe.

Baridi nayo huupunguza uwezo unaopatikana. Joto linaposhuka, mwendo wa ayoni ndani ya elektroliti, yaani kimiminika cha betri ambamo ayoni hupita, hupungua, na ukinzani wa ndani wa betri, yaani jinsi inavyouzuia umeme usipite, hupanda, hivyo volti huporomoka mara kamera inapodai umeme mwingi, na kamera huzima kwa kuamini kwamba betri imekwisha. Nishati bado imo. Betri hiyo ikiwekwa katika mfuko wa ndani wa nguo, karibu na mwili, na ikapata joto tena, sehemu kubwa ya chaji iliyoonekana kupotea hurudi. Kuchaji katika baridi iliyo chini ya nyuzi sifuri ni jambo jingine na halifai kabisa, kwa sababu lithiamu inaweza kuganda juu ya grafiti kama metali badala ya kujipenyeza ndani, na madhara hayo hayarekebishiki.

Kuzeeka ndiko kunakostahili kuelezwa kwa kirefu, kwani ndiko kunakoamua lini pesa itumike kununua betri nyingine. Juu ya grafiti hujijenga utando mwembamba tangu betri inapochajiwa mara ya kwanza, na utando huo ni wa lazima kwa kuwa huilinda grafiti dhidi ya elektroliti. Tatizo ni kwamba huendelea kunenepa polepole, na kila unaponenepa humeza lithiamu kidogo ambayo haitarudi tena kazini. Matokeo yake ni mawili: uwezo unashuka, na ukinzani wa ndani unapanda. Mchakato huo huendeshwa na matumizi, maana kila mzunguko wa kuchaji na kutumia hupanua na kusinyaza grafiti na kuutia utando nyufa. Huendeshwa pia na muda wenyewe, hata betri ikiwa imelala kabatini. Mambo mawili huuharakisha kuliko mengine, nayo ni joto kali na chaji iliyojaa kabisa kwa muda mrefu. Ndiyo maana betri iliyojaa na kusahauliwa ndani ya gari lililoegeshwa juani huharibika upesi kuliko betri inayotumiwa kila siku kwa uangalifu. Kwa kawaida betri ya lithiamu-ayoni hukadiriwa kuvumilia mizunguko 300 hadi 500 kamili kabla uwezo wake haujashuka hadi karibu asilimia 80 ya ule wa mwanzo. Na mzunguko kamili unaweza kuundwa na vipande, kwa mfano kuchaji nusu leo na nusu kesho.

Dalili za uzee hazifichiki. Betri hukaa na chaji muda mfupi zaidi, na kiashirio huruka ghafla kutoka nusu hadi karibu na sifuri, hasa fleshi inapochaji au lenzi nzito inapotafuta fokasi, kwa kuwa ukinzani uliopanda huzishusha volti wakati wa mzigo. Baadhi ya kamera hutoa taarifa hii zenyewe. Kamera kadhaa za Nikon huonesha umri wa betri kwa kipimo cha 0 hadi 4, ambapo 0 ni betri mpya na 4 ni betri iliyofikia mwisho, na kamera kadhaa za Canon huonesha hali ya kupokea chaji kwa alama tatu. Mmiliki wa kamera ya namna hiyo afungue menyu na kuangalia kabla ya kununua chochote. Betri iliyovimba ni suala la usalama, wala si la kusubiri: gesi imezalishwa ndani yake, na haifai kuchajiwa, kutobolewa wala kubanwa. Ikikwama ndani ya kamera, isichokonolewe kwa bisibisi au kisu. Ni heri kumpelekea fundi. Betri zilizokwisha zisitupwe pamoja na taka za kawaida, kwa sababu huweza kuwaka zinapopondwa. Zizibwe ncha zake kwa utepe usiopitisha umeme na kupelekwa mahali panapopokea betri au vifaa vya umeme vilivyotumika.

Katika kuchagua betri ya kubadilisha, swali linalozuka kwanza ni kama inunuliwe ya mtengenezaji wa kamera au ya kampuni nyingine iliyo nafuu. Zipo betri nzuri za kampuni nyingine, na si haki kuzilaani zote kwa pamoja. Lakini mnunuzi afahamu anachopunguziwa: ubora wa seli, usahihi wa tarakimu za lebo, saketi ya kinga inayokata umeme betri inapojaa kupita kiasi, inapoishiwa chaji mno au inapopigwa shoti, na chipu inayozungumza na kamera. Chipu isipoelewana na kamera, asilimia ya chaji haioneshwi, na mara nyingine toleo jipya la programu ya kamera huikataa betri iliyokuwa ikifanya kazi jana. Kuhusu tarakimu, akili ya kawaida hutosha. Seli za kemia moja na ukubwa mmoja haziwezi kutofautiana sana kwa nishati, hivyo betri ya umbo lilelile inayodai uwezo mara moja na nusu ya ile ya asili, tena ikiwa nyepesi kuliko hiyo, inasema uongo. Betri bandia zinazobeba jina la mtengenezaji ni mbaya zaidi kuliko zile zinazojitangaza kwa jina lao wenyewe, kwa sababu aliyezitengeneza ameshaanza kwa udanganyifu na hakuna wa kumwajibisha.

Umbo moja halimaanishi pia kwamba kazi zote zinafanana. Betri ya Nikon ya EN-EL15 ya awali huingia katika kamera ya Z6, lakini haichajiwi ikiwa ndani ya kamera kwa kebo kama inavyochajiwa EN-EL15b. Herufi moja mwishoni mwa jina inastahili kusomwa kwa makini.

Kamera na fleshi zinazotumia betri ndogo za AA zina hesabu yake. Betri ya alkali huanza na volti 1.5, lakini ukinzani wake ni mkubwa, hivyo volti hushuka upesi chini ya mzigo. Ndiyo sababu betri iliyokataliwa na kamera huendelea kuendesha saa ya ukutani kwa miezi. Betri ya kuchaji ya nikeli na haidridi ya metali ina volti 1.2 tu, lakini huzishikilia karibu hadi mwisho, nayo ndiyo ninayoipendekeza kwa fleshi. Seti moja ichajiwe pamoja na kutumiwa pamoja, bila kuchanganya mpya na kuukuu, kwa sababu iliyo dhaifu huisha mapema na kulazimishwa na wenzake kupitisha umeme ikiwa tupu.

Kuokoa chaji wakati wa kazi kunafuata moja kwa moja kanuni ya muda niliyoitaja. Muda wa kamera kusinzia ufupishwe, mwanga wa skrini upunguzwe, picha isioneshwe kila baada ya kupigwa kama haihitajiki, na Wi-Fi na Bluetooth zizimwe. Uzuiaji wa mtikisiko hauna kazi kamera ikiwa juu ya tripodi, na ufuatiliaji wa fokasi usiokoma hauhitajiki kwa jengo lililosimama. Kipokezi cha GPS kichunguzwe zaidi ya vyote, kwani katika baadhi ya kamera huendelea kula umeme hata swichi ikiwa imezimwa.

Kwa safari ya ndege, betri za akiba hubebwa katika mzigo wa mkononi, kila moja ikiwa na kifuniko cha ncha zake. Kikomo cha kawaida kisichohitaji idhini ya shirika la ndege ni wati-saa 100, na betri za kamera za kawaida ziko mbali chini yake. Kwa kuhifadhi miezi mingi, betri itolewe kwenye kamera ikiwa na chaji karibu nusu, iwekwe mahali pakavu na penye ubaridi wa wastani, na iangaliwe kila baada ya miezi michache, kwa maana ikiishiwa chaji kupita kiasi chaja inaweza kukataa kuifufua. Kamera itakayokaa muda mrefu bila betri inaweza kupoteza tarehe na saa, kwa kuwa betri ndogo ya ndani inayoendesha saa hiyo huchajiwa na ile kubwa; hujaa tena yenyewe betri kubwa inaporudishwa, na kinachobaki ni kuweka saa upya.