Kivuli cha kichochoro hakipakwi nyeusi

Swali la wachoraji wa rangi za maji limerudi tena: nyeusi ipi inafaa kwa vivuli vya vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar? Hakuna! Kivuli hakibandikwi ukutani. Ni ukuta ule ule, chokaa ile ile, ila umekosa jua. Ukiufunika kwa nyeusi umejenga ukuta mwingine.

Karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba, penseli nyepesi, brashi ya duara namba 10: haya unayajua. Tabaka la kwanza ni oka ya njano, rangi ya udongo, iliyozimuliwa sana kwa maji, ukuta na baraza kwa pamoja. Chokaa inayopigwa na jua iache karatasi tupu. Nyeupe ya tyubu haiurudishi mwanga huo. Halafu plasta iliyobanduka, mlango, madirisha.

Sasa kivuli. Changanya ultramarini (bluu iliyokolea) na siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu), bluu izidi. Changanya nyingi, maana ikikuishia katikati ya ukuta hutaipata tena ile ile. Iwe nzito kuliko unavyoitaka, kwa kuwa ikikauka hupauka. Anzia juu, ambako ukuta unapokea bluu ya anga. Ukishuka ongeza siena: njia yenye jua hurudisha mwanga wa joto chini ya ukuta. Ukipaka namna moja juu hadi chini, nyumba inakuwa kama kadibodi iliyokatwa. Na pita mara moja tu. Brashi ikirudi nyuma inaamsha oka iliyo chini, yaani inailowesha ikayeyuka tena, na hapo unapata tope.

Tope hilo watu hulisingizia wingi wa tabaka. Hata tabaka nne hazina ubaya, mradi kila moja ikauke kwanza. Unyevu wa pwani unadanganya: karatasi imeacha kung'aa, lakini iguse kwa mgongo wa mkono. Ni baridi? Maji bado yamo. Subiri. Drai ya nywele inasaidia, ila usiielekeze kwenye dimbwi. Itasukuma rangi pembeni na kuacha kingo ngumu.

Wapo wanaofundisha vivuli vitangulie, rangi zifuate. Siwapingi kwa nguvu. Ultramarini huamka kirahisi, kwa hiyo kwenye kuta naiweka mwisho. Kwenye mlango wa nakshi natanguliza kivuli, na sina hoja ya kunitosha mwenyewe zaidi ya kwamba nakshi inaonekana kuzama vizuri.

Nyaya za umeme malizia kwa brashi nyembamba yenye nywele ndefu, kila kitu kikishakauka. Zichore nusu ya unazoziona.