Taa ya LED nyuma ya kitufe cha mtambo wa sauti: maana yake na namna ya kuitia

Taa ya nyuma ya kitufe ni taa ndogo ya LED inayokaa chini ya kofia ya kitufe cha kubonyeza na kupenyeza mwanga wake kwenye kofia hiyo, ili fundi wa sauti aone kitufe kilipo na, lililo muhimu zaidi, aone kama kimewashwa au kimezimwa. Meza nyingi za zamani za kuchanganyia sauti, ambazo bado hutumika katika harusi na shughuli za usiku hapa Lamu, zina vitufe vyeusi visivyo na taa, na hali ya kitufe hujulikana tu kwa kutazama kama kimezama kuliko jirani yake. Mchana hilo si taabu. Usiku wa Maulidi, nje ya Msikiti wa Riyadha, watu wamejaa na meza imewekwa pembeni gizani, tofauti hiyo ya milimita chache haionekani, na maikrofoni ya msomaji huweza kubaki imefungwa huku fundi akihangaika na waya.

Zamani vitufe viliangazwa kwa globu ndogo za uzi, ambazo zilitoa joto na kuungua. Nick Holonyak alionyesha LED nyekundu huko Marekani mwaka 1962, na LED ya buluu yenye mwanga mkali, ambayo ndiyo iliyozaa nyeupe, iliwapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014.

Anayetaka kutia taa hizi aanze kwa kuichunguza swichi. Swichi nyingi za mitambo ya sauti zina jozi mbili au zaidi za miguu, ambazo husogea pamoja kwa mbonyezo mmoja lakini hazigusani kiumeme. Jozi moja hupitisha sauti, na iliyobaki bure ndiyo ya kuwashia taa. Ikiwa hakuna jozi iliyo bure, swichi ibadilishwe; taa isichukue umeme wake kwenye njia ya sauti hata kidogo. Kofia nyeusi nayo itolewe, iwekwe ya rangi ya maziwa, ambayo hutawanya mwanga badala ya kuonyesha nukta moja kali katikati.

LED haiungwi moja kwa moja kwenye umeme, kwa kuwa haijui kujizuia. Lazima ipitie rezista, yaani kipande kidogo kinachozuia mkondo wa umeme usipite kiasi. LED nyeupe huhitaji takriban volti 3, na nyekundu takriban volti 2. Meza ikiwa na umeme wa ndani wa volti 15, zinabaki volti 12 za kuzuiwa, na kwa mkondo wa miliampia 4 rezista inayofaa ni ya omu 3,000. Wengi hutia miliampia 20 kwa kuwa ndicho kiwango walichozoea, nami naona ni kosa. Meza ya chaneli 24, yaani njia 24 za kuingizia sauti, yenye vitufe vitatu vya taa kwa kila chaneli ina LED 72: kwa miliampia 4 zote pamoja hula miliampia 288, lakini kwa miliampia 20 hufika ampia 1.44, mzigo ambao huenda pawasaplai ya meza, kifaa kinachoipa umeme wake wa ndani, haikutengenezewa. Tena gizani miliampia 4 zatosha kabisa.

Jambo linaloharibu kazi nyingi ni njia ambayo mkondo wa taa hurudia. Kila waya, hata wa shaba, una ukinzani. Tuseme taa na sauti zinatumia erthi moja, yaani waya wa pamoja wa kurudishia mkondo, yenye ukinzani wa omu 0.05 tu: kitufe kimoja kikibonyezwa, miliampia 4 huruka ghafla na erthi hiyo huyumba kwa milivolti 0.2. Kiasi hicho ni kidogo mno, lakini sauti ya maikrofoni yenyewe ni milivolti chache, na chaneli inayoikuza mara 1,000 huukuza myumbo huo pamoja nayo hadi kufikia volti 0.2, na uwanja mzima ukasikia mlio mkavu kwenye spika. Kwa hiyo taa zipewe waya wao wa kurudia, unaokwenda moja kwa moja hadi pawasaplai bila kugusa erthi ya sauti mahali pengine popote.

Kwa sababu hiyo hiyo, mwanga usipunguzwe kwa kuiwasha na kuizima LED mamia ya mara kwa sekunde, maana sikio husikia kuanzia mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde, na mpigo huo hupenya ukawa mvumo. Rezista kubwa zaidi hufanya kazi ile ile kimyakimya. Katika rangi, nyekundu hufaa kwa kitufe cha kufunga sauti na haiyapofushi macho yaliyozoea giza. Buluu kali huyachosha.

Hapa kwetu hewa ya chumvi hula miguu ya swichi na viungo vya risasi, basi bodi isafishwe kwa spiriti na kukaushwa kabla ya kufungwa. Kisha chaneli ifunguliwe hadi mwisho bila maikrofoni, fundi avae hedifoni, abonyeze kila kitufe kimoja kimoja huku akisikiliza. Kitakachotoa mlio, waya wake wa kurudia ukaguliwe kwanza.