Uniti moja ya umeme ni kiasi gani hasa?

Tarehe 2 ya mwezi umenunua umeme wa shilingi 5,000, ukapata uniti 9.8. Tarehe 15 umenunua tena wa 5,000 hiyo hiyo, ukapata 14. Hapo ndipo watu huanza kusema LUKU, ule mfumo wetu wa Tanzania wa kulipia umeme kabla ya kuutumia, inaiba. Haijaiba, ila ili uone kilichopita katikati ni lazima kwanza uijue uniti yenyewe.

Uniti moja ni kilowati-saa moja, ile kWh inayosomeka kwenye mita. Ni umeme unaoliwa na kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa nzima. Sisi husema "friji linakula umeme", na lugha hiyo inasaidia kuelewa. Wati ni kasi ya kula, uniti ni chakula kilichokwisha kuliwa. Yuko mla haraka anayemaliza sahani kwa dakika mbili akaondoka, na yuko anayedonoa kidogo kidogo mchana na usiku. Ukitazama kasi peke yake utamlaumu asiye na kosa.

Hesabu yake ni fupi. Chukua wati zilizoandikwa nyuma au chini ya kifaa, zidisha kwa saa kilizowaka, gawa kwa 1,000. Birika la umeme la wati 2,000 humaliza uniti moja kwa nusu saa. Taa ya LED ya wati 9 itaikalia uniti hiyo hiyo saa 111, yaani ukiiwasha kwa muda wa saa sita kila usiku, siku 18. Simu ndiyo kichekesho kabisa. Betri ya mAh 5,000 hujazwa kwa takriban wati-saa 25 ukihesabu na umeme unaopotelea kwenye chaja, hivyo uniti moja inachaji simu kama mara 40. Katika nyumba za kupanga nimeona mtu ananuniwa wiki nzima kwa sababu ya chaja, huku anayemnunia anachemsha maji ya kuoga kwa umeme asubuhi na jioni.

Maana mlaji mkubwa ndani ya nyumba ni joto. Kifaa chochote ambacho kazi yake ni kupasha, iwe jiko, birika, pasi au hita ya bafuni, kitazame kwa jicho la pili. Hita ya kuogea ya wati 5,000 inakula uniti moja kwa dakika 12. Familia ya watu watano, kila mmoja akioga dakika sita kwa siku, jumla ni nusu saa, nayo ni uniti 2.5. Kwa siku 30 ni uniti 75. Ishike namba hiyo, tutairudia.

Friji lina mambo yake. Likiandikwa wati 120 usizidishe kwa saa 24, kwa sababu kompresa, ile mota inayotengeneza baridi, huwaka na kupumzika. Friji la kawaida lisilo na hitilafu hucheza kwenye uniti moja kwa siku, pengine chini, pengine juu kidogo kwenye joto la Dar es Salaam. Kinacholiharibia hesabu ni mpira wa mlango uliolegea. Bana karatasi kwenye mlango, funga, kisha ivute. Ikitoka bila kushikwa, baridi nayo inatoka, na kompresa haipati mapumziko. Pasi pia hujizima na kujiwasha yenyewe, kwa hiyo nusu saa ya kunyoosha kwa pasi ya wati 1,000 haifiki nusu uniti.

Sasa tuje kwenye hela. Mteja mdogo wa majumbani yuko kundi la D1, ambako uniti ni shilingi 100 mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi hapo hupanda hadi 350 kila moja. Wengi wetu wa mjini tuko T1, kundi la matumizi ya kawaida, kwa shilingi 292. Juu yake hupanda VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1. Kwa hiyo uniti ya D1 inafika 122, na ya T1 inafika 356 na senti. Ndiyo maana 5,000 ya mteja wa D1 inamletea uniti 41 wakati jirani yake wa T1 anapata 14. Na ile hita? Imekula uniti zote 75 kabla hujawasha hata taa moja.

Zile uniti nne zilizopungua tarehe 2 ni kodi ya majengo. Ilianza kukatwa kupitia LUKU Agosti 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Hukatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi, na kama hukununua miezi kadhaa, deni linakungoja. Toa 1,500 kwenye 5,000, inabaki 3,500. Gawa kwa 356, unapata 9.8. Kodi hiyo kisheria ni ya mwenye nyumba, ila anayeingiza namba ni mpangaji, kwa hiyo zungumzeni mapema mtakavyoikata kwenye pango. Risiti inaonyesha kila makato kwa jina lake. Isomeni kabla ya kuifuta.

Wenzetu wa Kenya wanakutana na jingine: bei ya tokeni ina vipengele vya mafuta ya kuzalishia umeme na thamani ya dola vinavyobadilika kila mwezi, kwa hiyo hela ile ile huleta uniti tofauti hata pasipo deni.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote hakihitaji kununua kitu. Tazama taa ndogo nyekundu inayomweka kwenye mita, kisha tafuta pembeni yake maandishi kama 1000 imp/kWh. Maana yake ikimweka mara 1,000, uniti moja imekwenda. Mita nyingine huandikwa 1600 au 3200, ndipo unagawa kwa namba hiyo. Hesabu mimweko ya dakika moja, zidisha kwa 60, gawa kwa 1,000: hizo ndizo uniti zinazoliwa kwa saa kwa wakati huo. Washa kifaa kimoja, hesabu. Kizime, hesabu tena. Tofauti ndiyo ulaji wake halisi, si ule ulioandikwa kwenye boksi.

Na siku moja zima kila kitu, friji ling'oe kabisa, kisha ukasimame mbele ya mita. Nyumba moja niliyopanga tulifanya hivyo wapangaji wanne, baada ya kulumbana miezi miwili. Taa ikaendelea kumweka mara 12 kwa dakika, yaani wati 720, ulaji wa mota ndogo. Tukafuata waya hadi nyuma ya banda la kuku, tukakuta umechomekwa mota ya kisima cha mwenye nyumba. Tulipomuuliza, hakukasirika hata kidogo. Akasema, "Sasa wanangu, maji si tunatumia wote?"