Ruzuku ya misitu ni nini haswa, na kikundi cha mikoko chapewaje?

Ruzuku ni pesa mwapewa mfanye kazi fulani na hamzirudishi. Wengi wakishasikia hamzirudishi basi hawasikizi tena yaliyobaki. Ni kweli si mkopo, riba hakuna, lakini pia si sadaka, manake kila shilingi imeshaandikiwa kazi yake kwenye bajeti tangu siku ya kutia sahihi, na pesa zenyewe huja kwa awamu, mkishindwa kuleta risiti na ripoti ya awamu ya kwanza basi ya pili msiingoje.

Sai wafadhili wengi wataka msitu unaohimili tabianchi. Yaani msitu ambao mvua ikizidi, jua likizidi, bahari ikipanda, utaumia lakini hautaisha wote. Angalia Mwache hapa kwetu, creek (mkono wa bahari) karibu na Mombasa, mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilishusha tope jingi kutoka bara likafukia mizizi, mikoko ikakosa pumzi ikakauka imesimama, na wala hakuna aliyeikata. Kwa hivyo mtu akileta andiko la mradi la kupanda miche huko creek na hasemi lolote kuhusu mashamba ya juu yanakotoka tope, mimi naona hata asipewe.

Na mwapanda nini pia huulizwa. Mlilana ndio hukaa mbele kabisa kwenye maji, mkoko wenyewe, yaani aina moja tu kati ya mikoko yote, wafuata, mkandaa na mchu wastahimili kule nyuma kwenye chumvi kali. Vikundi vingi hupanda mkoko tupu kwa vile mbegu yake ndefu ni rahisi, waokota wadidimiza kwenye tope umemaliza, lakini shamba la aina moja ya mti likipata wadudu ama tope laondoka lote, na kaa, kamba na samaki wadogo wanaojificha humo waondoka nalo. Mahali pengine kazi bora ni kufungua njia ya maji tu, miti ijioteshe yenyewe, jamani hiyo nayo ni kazi na yafaa kulipiwa.

Msichanganye ruzuku na biashara ya kaboni, ile hewa chafu ambayo miti huifyonza na kuihifadhi. Mikoko Pamoja, mradi wa jamii kule Gazi, Kwale, wauza kaboni tangu 2013, hiyo ni biashara, walipwa kwa hewa ambayo msitu umeshahifadhi na pesa zimesaidia maji na shule. Ruzuku hutangulia kazi, kaboni hufuata kazi.

Kwa ruzuku za vikundi vidogo, inayojulikana sana ni ile ya GEF (mfuko wa mazingira wa dunia) kupitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ilianza 1992 na kwa miaka mingi kikomo kilikuwa dola 50,000. Zile za FLLoCA, mpango wa serikali ya Kenya wa kufadhili kazi za tabianchi zinazoongozwa na wenyeji, hupitia kaunti, miradi yatoka kwa kamati za tabianchi za wadi, kwa hivyo mkutano wa wadi ukiitwa nendeni, msiwaachie wazee wawili.

Lakini kabla ya yote, mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, hamuwezi kuombea pesa mahali hamna ruhusa napo, anzeni KFS, shirika la serikali la misitu, kupitia chama cha msitu cha jamii. Halafu mkiulizwa mchango wenu ni nini msiseme hamna kitu, kina mama wanaoshinda kwenye tope maji yakitoka, mtumbwi wa kubeba miche, kiwanja cha kitalu, vyote hivyo huthaminiwa, viandikeni kwenye bajeti.