Upinde na Uzi: Dhana Potofu Kuhusu Muziki wa Kisasa wa Ala za Nyuzi

Wapo wasikilizaji wengi wa Kiswahili waliokua na mlio wa fidla masikioni, na ambao wanaweza kumtambua mpigaji hodari kwa mivuto michache tu ya upinde. Hata hivyo, wasikilizaji haohao wanapokutana na utunzi wa kisasa wa fidla na ndugu zake wakubwa zaidi, yaani viola, selo na besi kubwa, hasa ule unaothubutu kuvuka mipaka ya melodia waliyoizoea, huuzima kabla ya dakika ya pili kwisha. Nimeishi na muziki huu kwa miaka mingi, na ninaamini kwamba kinachowakimbiza ni yale waliyoambiwa kuuhusu kuliko muziki wenyewe. Mengi kati ya hayo si ya kweli.

Dhana potofu: Hayo ni makelele, na wapigaji wake hawajui kupiga.

Dhana hii ndiyo iliyoenea zaidi, na ili kuijibu inafaa tuanze na jinsi ala yenyewe inavyotoa sauti. Singa za mkia wa farasi zilizofungwa kwenye upinde hupakwa ulimbo uliokaushwa, na ulimbo huo ndio unaoziwezesha kuunasa uzi na kuuvuta kando kidogo, kisha uzi huponyoka, hurudi na kunaswa tena. Kwa noti iitwayo “la”, ambayo wapigaji huitumia kulinganishia ala zao, tendo hilo hurudiwa takriban mara 440 katika sekunde moja. Mpigaji hulitawala kwa mambo matatu: uzito anaoutia kwenye upinde, kasi ya upinde, na umbali uliopo kati ya upinde na daraja la ala, yaani kipande cha mti kinachozishikilia nyuzi juu ya ubao wake. Mafunzo ya kawaida humzoesha mwanafunzi kubaki ndani ya eneo dogo ambamo mambo hayo matatu hupatana na kutoa noti safi.

Watunzi ninaowazungumzia walitaka kujua kuna nini nje ya eneo hilo. Uzito ukizidi huku upinde ukienda polepole, uzi hauponyoki tena kwa mpangilio, na badala ya noti husikika mlio unaofanana na wa mlango mzito wenye bawaba kavu. Upinde ukisogezwa hadi kuligusa daraja, noti ya msingi hufifia na sauti nyembamba zilizokuwa zimejificha ndani yake hujitokeza kwa ukali. Hakuna hata moja kati ya sauti hizo inayopatikana kwa kubahatisha, kwa kuwa mpigaji hulazimika kuzizalisha zilezile, kwa nguvu ileile, kila anapouanza upya utunzi. Katika kazi iitwayo Pression, aliyoitunga kwa ajili ya selo moja mwaka 1969, Mjerumani Helmut Lachenmann aliandika nota ambazo kwa sehemu kubwa hazionyeshi noti zitakazosikika, bali zinachora mahali ambapo mikono na upinde vinapaswa kuwa juu ya ala na namna vinavyopaswa kwenda. Mpigaji wa selo anayeziweza nota hizo amejifunza ala yake kwa kina ambacho melodia peke yake isingemdai.

Dhana potofu: Ni uharibifu ulioanza karne ya 20.

Mwaka 1627 Mwitaliano Carlo Farina, aliyekuwa akihudumu kwenye jumba la mtawala huko Dresden, alichapisha kazi ya ala za nyuzi ambamo fidla huiga paka, mbwa na kuku, na wapigaji huelekezwa kuzigonga nyuzi kwa mti wa upinde. Mwaka 1673 Heinrich Biber, katika kazi yake Battalia, aliwapa wapigaji nyimbo nane zinazopigwa kwa wakati mmoja bila kupatana, ili kuonyesha kundi la askari walevi wakiimba kila mmoja wimbo wake, na akaagiza karatasi iwekwe kwenye nyuzi za besi ili zilie kama ngoma ya vita. Miaka zaidi ya 250 baadaye, katika kwateti yake ya nne (kwateti ni kazi ya wapigaji wanne: fidla mbili, viola na selo) ya mwaka 1928, Mhungaria Béla Bartók alitaka uzi uvutwe kwa kidole kwa nguvu nyingi hadi ugonge ubao wa ala. Anayesema kwamba watunzi wa leo wameiacha mila ya ala za upinde anaisahau sehemu kubwa ya mila yenyewe.

Dhana potofu: Ni muziki wa Wazungu, na sisi hautuhusu.

Hapa ningependa kukaa kidogo, kwa sababu dhana hii inatunyima kilicho chetu.

Ala ya upinde si mgeni kwetu. Wagogo wana zeze, Waganda wana endingidi, Wajaluo wana orutu, na katika mila hizo mkwaruzo wa upinde ni sehemu ya utamu wa ala, si kasoro ya kuondolewa. Mpiga endingidi hugusa uzi kwa kidole bila kuukandamiza kwenye mti, na hivyo sauti yake huteleza kutoka mahali hadi mahali badala ya kuruka kwa ngazi. Msikilizaji aliyeuzoea mtelezo huo ana hatua moja tu ya kufika kwa Iannis Xenakis, mtunzi Mgiriki aliyekuwa pia mhandisi, ambaye katika Metastaseis, iliyopigwa kwa mara ya kwanza mwaka 1955 huko Donaueschingen, Ujerumani, aliwapa wapigaji 46 wa ala za nyuzi mitelezo tofauti, kila mmoja na mwendo wake, hadi sauti zote pamoja zikawa kama uso wa jengo uliopinda. Mistari ya aina ileile aliyochorea mitelezo hiyo ilimwongoza baadaye alipokuwa akichora banda la kampuni ya Philips katika maonyesho ya Brussels ya mwaka 1958.

Tuchukue pia suala la noti zinazoangukia kati ya vibonye vya piano. Msikilizaji aliyezoea piano peke yake huzisikia kama makosa, na akikutana nazo katika utunzi wa kisasa hudhani kwamba fidla haijakazwa vizuri. Msikilizaji wa taarabu ya zamani ya Unguja hana sababu ya kudhani hivyo. Maqam, yaani mifumo ya noti ya muziki wa Kiarabu, za Rast na Bayati zina hatua zinazokaribia robo tatu ya toni, na fidla, kwa kuwa haina vigawanyo kwenye mpini wake, huzipiga bila taabu, ilhali akodiani ya kawaida haiwezi. Sikio la pwani, kwa upande huu, limetangulia masikio ya kumbi nyingi za Ulaya.

Uhusiano si wa kufananisha tu. Mwaka 1988 Justinian Tamusuza wa Uganda alitunga kwateti ya nyuzi iliyojengwa juu ya muziki wa Kiganda na kuipa jina la Kiganda, Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, ambalo msomaji wa Kiswahili anaweza kulielewa nusu yake bila kamusi: ni njia ya msalaba. Kundi la Kronos Quartet la Marekani lilirekodi sehemu yake ya kwanza pamoja na kazi ya Mnubi Hamza El Din na za watunzi wengine wa Afrika katika albamu ya mwaka 1992 iitwayo Pieces of Africa. Hapo hazisikiki fidla za Ulaya zikipambwa kwa nakshi za Kiafrika, bali fikra ya muziki wa Kiganda ikiziendesha ala nne ambazo hazikuundwa kwa ajili yake.

Kuna jambo jingine ambalo wachache kati yetu wanalijua. Kronos lenyewe liliundwa huko Seattle mwaka 1973 baada ya mwanzilishi wake, mpiga fidla David Harrington, kusikia redioni kazi ya George Crumb iitwayo Black Angels, ya mwaka 1970, iliyotungwa katika kivuli cha vita vya Vietnam kwa ajili ya kwateti ya nyuzi iliyounganishwa na vipaza sauti. Wapigaji hupitisha pinde zao kwenye glasi zenye maji, hugonga matari makubwa ya shaba, na katika sehemu fulani hutamka hesabu kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwa mojawapo. Katika moja ya kazi maarufu kuliko zote za aina hii, basi, lugha yetu imo ndani ya nota zenyewe.

Dhana potofu: Ni muziki wa kutisha tu.

Dhana hii imeletwa kwa kiasi kikubwa na filamu, ambazo kwa miongo kadhaa zimetumia sauti za aina hii kila anapokaribia muuaji au pepo. Mpoland Krzysztof Penderecki alipokamilisha kazi yake maarufu ya ala 52 za nyuzi, hakuiita maombolezo, aliipa jina la 8'37", yaani muda wake tu, na jina la kuwaomboleza waathiriwa wa Hiroshima lilikuja baadaye. Sauti zake, zikiwamo noti za juu kabisa ambazo kila ala inaweza kuzifikia na milio ya upande wa pili wa daraja, zilitafutwa kwanza kama sauti. Hilo halipunguzi uzito wa jina, ambalo nadhani linaistahili kazi hiyo, lakini linaonyesha kwamba hofu haimo ndani ya uzi wenyewe. Anayetaka furaha na asikilize Tegere Tulon ya Hawa Kassé Mady Diabaté wa Mali, kwateti iliyotokana na nyimbo za wasichana za kupiga makofi, za aina ambayo kila aliyekulia uwanjani na wenzake ataitambua.

Dhana potofu: Ni vituko vya kutafuta sifa.

Mfano unaotajwa daima ni ule wa Karlheinz Stockhausen, aliyewaweka wapigaji wanne wa kundi la Arditti Quartet katika helikopta nne huko Amsterdam mwaka 1995, sauti na picha zao zikirushwa hadi kwa wasikilizaji waliokuwa ardhini. Simshauri yeyote aanze na kazi hii. Hata hivyo, anayeisikiliza kwa makini ataona kwamba nyuzi zimeandikiwa mtetemo wa upinde wa haraka, usiokatika, unaochanganyika na mlio wa mapanga ya helikopta hadi sikio lishindwe kuvitenganisha. Lilikuwa wazo la kimuziki, ingawa la gharama kubwa.

Dhana potofu: Unahitaji kuwa umesoma muziki, na unahitaji fedha.

Kronos waliagiza kazi 50 kutoka kwa watunzi wa nchi nyingi kwa ajili ya wapigaji vijana, na nota zake zimewekwa kwenye intaneti bila malipo pamoja na rekodi zake. Tegere Tulon ni mojawapo. Msikilizaji asiyejua kusoma nota hata moja anaweza kuanza na Entr'acte ya Caroline Shaw, ya mwaka 2011, ambayo huanza kama muziki wa kale wa heshima kisha hubomoka taratibu na kuwa minong'ono ya pinde, hivyo kwamba sikio linaongozwa hatua kwa hatua kutoka lilikozoea. Baada ya hapo aende kwenye vipande saba vifupi vya selo alivyoviita Mfini Kaija Saariaho Sept papillons, yaani vipepeo saba, vya mwaka 2000. Kwateti ya pili ya Morton Feldman, yenye urefu wa saa sita hivi, inaweza kungoja.

Ninachokisisitiza zaidi ni kusikiliza katika hali ya utulivu, kwa kuwa sauti nyingi za muziki huu ni ndogo mno na hufunikwa na feni au mazungumzo ya chumba cha pili. Georg Friedrich Haas wa Austria amelichukulia sharti hilo kwa uzito wote katika kwateti yake ya tatu. Taa zote za ukumbi huzimwa, wapigaji wanne huketi mbalimbali kuwazunguka wasikilizaji, wakiwa wamehifadhi kazi nzima kwa moyo kwa sababu hakuna nota inayoweza kusomwa gizani, na kwa zaidi ya nusu saa mmoja hutuma mwaliko wa sauti kutoka upande wake, kisha hungoja asikie ni nani atakayemjibu.