Nywele zinakatika siku ya kufumua

Wiki mbili zilizopita mteja wangu mmoja aliingia saluni na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Akakiweka mezani, akakifungua: bonge la nywele, ukubwa wa ngumi. "Dada, kichwa kinaisha," akaniambia, machozi yanamlenga. Alikuwa amefumua rasta za nywele bandia alizokaa nazo wiki saba.

Nilitandika taulo jeupe mapajani, tukakaa karibu na dirisha, nikaanza kulichambua lile bonge mbele yake. Nywele nyingi zilikuwa ndefu, na kila moja ina kidoti cheupe kwenye ncha moja, kidogo kama kichwa cha pini. Unywele wenye kidoti hicho umetoka na shina lake. Umejitoa wenyewe kwa sababu muda wake umekwisha, na pale ulipotoka utaota mwingine. Kichwa cha mtu mzima mwenye afya hudondosha nywele kama 50 hadi 100 kwa siku. Asiyesuka anaziona kidogo kidogo kwenye chanuo na kwenye mto, wala hashtuki. Ukiwa umesuka hazina pa kwenda, zinanasa ndani ya rasta. Piga hesabu ya siku 49: ni nywele kati ya 2,450 na 4,900, zote unakutana nazo jioni moja. Bonge lenyewe halikuwa ugonjwa.

Ila kwenye taulo vilibaki vipande vingine, vifupi, vingine urefu wa ukucha, vingine urefu wa pingili ya kidole, na havikuwa na kidoti upande wowote. Hivyo ndivyo vilivyonitia wasiwasi. Ni nywele zilizokuwa hai kichwani, zikakatwa njiani. Kunyonyoka na kukatika ni mambo mawili tofauti, na dawa zake ni tofauti. Mama aliyejifungua miezi mitatu iliyopita akiona nywele zinatoka na vidoti, mara nyingi mwili wake unajirudi tu, atulie. Anayeona vipande visivyo na kidoti, atazame mikono yake na mikono ya msusi wake.

Kila siku naulizwa, "Nipake nini nywele zikue?" Jamani, zinakua. Suka leo, baada ya mwezi angalia nafasi kati ya ngozi na rasta inapoanzia: hapo ndipo zilipoota, karibu sentimita moja, zetu pungufu kidogo. Kwa mwaka ungekuwa umeongeza sentimita nane au tisa. Kama miaka mitatu sasa nywele zimegota mabegani, basi zinakatika nchani kwa kasi ileile zinavyoota shinani.

Unywele wetu ukiukata na kuutazama kwa hadubini si duara kamili, umebinyika kama yai. Unajikunja na kujipinda, na kila kona ya mkunjo ni mahali dhaifu. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hayawezi kushuka kwenye kona zote hizo, kwa hiyo ncha hubaki kavu hata kama ngozi ina mafuta tele. Mwaka 2000 daktari wa ngozi wa Afrika Kusini, Nonhlanhla Khumalo, na wenzake walichapisha uchunguzi wa nywele za Waafrika kwa hadubini. Walikuta vifundo vidogo na ncha zilizovunjika kwa wingi kuliko kwenye nywele za watu wa asili nyingine. Fundo likivutwa, unywele hauna njia ila kukatika.

Sasa turudi kwenye jioni ya kufumua, maana hapo ndipo wengi wanapopoteza nywele za miezi. Unafumua huku unaangalia tamthilia, mkasi unapita juu sana na kuondoka na ncha zako mwenyewe, asubuhi unawahi saluni uwe wa kwanza, na sisi tunakulaza moja kwa moja kwenye sinki. Wasusi wenzangu, tukubali kwamba hapo na sisi tunachangia.

Chunguza shina la rasta moja unapoifumua. Pale nywele zilipoota kuna kipete cha kijivu: jasho, vumbi, jeli na mafuta vimeshikana, na nywele zilizojitoa zimejizungusha hapohapo. Kikiwa kikavu, kipete hicho kinaachia kwa vidole. Kikikutana na maji kwanza, nywele zinavimba na kujikunja, zilizokufa zinazikaba zilizo hai, na fundo linakaza kama la kamba ya katani. Unywele uliolowa nao unavutika sana na nguvu zake zimepungua. Baada ya hapo kinachobaki ni chanuo na ubavu, na vile vipande vifupi vinaanza kuruka.

Mimi natenga saa tatu, tena siku tofauti na siku ya kusuka. Kwanza napapasa nijue nywele zake zinaishia wapi ndani ya rasta, nakata chini ya hapo kwa upana wa vidole vitatu. Rasta ikifunguka, natia tone la mafuta ya nazi kwenye kipete, nakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka kilainike na kuteleza. Kisha navuta taratibu kwa vidole kutoka shinani kwenda nchani, na nywele zilizojitoa zinafuata zenyewe. Rasta nane au kumi zikishatoka, nazikusanya fungu moja, nalisokota lilegee. Chanuo la meno mapana linaingia mwishoni kabisa, nywele zikiwa na unyevu na kondishona nyingi, nikianzia nchani kupanda juu, mkono wa pili umeshika fungu juu ya chanuo ili mvuto usifike kwenye ngozi. Naosha mafungu hayohayo yakiwa yamesokotwa. Hakuna kurundika nywele zote utosini na kuzifikicha kama nguo.

Mafuta ya nazi sikuyachagua kwa mapenzi ya Pwani tu, ingawa bibi yangu wa Pangani alitupaka hayo hayo. Yanapenya ndani ya unywele, na ukiyapaka kabla ya kuosha yanapunguza protini inayopotea. Ya mnyonyo ni mazito, yanakaa juu. Yanafaa kufunika unyevu ulioweka kwanza, lakini ukiyapaka kwenye nywele kavu umefunika ukavu. Kwa ya mnyonyo, maji kwanza, mafuta baadaye.

Na maji gani? Dar wengi tunaoshea maji ya kisima, na visima vingi vina chumvi. Shampuu haitoi povu, unaongeza nyingine, na nywele zikikauka zinakwaruza kama zimepakwa chaki. Ni madini yamebaki juu yake. Mvua ikinyesha mimi nakinga ndoo kwa ajili ya suuza ya mwisho tu. Lita tano za maji baridi kwa kichwa zinatosha. Wateja wangu wanauliza nimetia nini.

Kuna jambo lingine ambalo kufumua vizuri hakuliponyi, nalo ni kukaza. Wanasema mtaka uzuri hudhurika. Kwenye nywele usemi huo siukubali. Kichwa kikikuuma usiku, ukashindwa kulaza shavu, vipele vikatoka pembeni mwa uso, ujue nywele zinang'olewa shinani. Utafiti mwingine wa Khumalo huko Cape Town ulikuta karibu mwanamke mmoja kati ya watatu ana upara wa kingo unaotokana na mvuto, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliosuka au kushonea wiving juu ya nywele zenye dawa ya kulainisha. Mwanzoni ukilegeza zinarudi. Ukiendelea miaka, ngozi inaweka kovu na hapaoti tena. Mwambie msusi alegeze hapohapo kwenye kiti, usione haya, hata kama ni mkubwa kwako. Na kama upara unaanzia utosini na kutanuka, au ngozi inawasha na kuchoma, usije kwangu. Nenda kwa daktari wa ngozi mapema. Moshi pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha kanda kinachofundisha madaktari hao, na hospitali nyingine za rufaa wapo.

Yule mteja sikumsuka rasta siku ile. Nilimpunguza ncha sentimita mbili, nikamsuka mabutu ya uzi, yamelegea mbele, akaenda zake na kilemba cha satini cha kulalia. Jumamosi anarudi. Nimemwambia afumue Alhamisi.