Ndugu Hawaandikiani? Dhana Zinazokwamisha Vituo vya Pamoja vya Makanisa

Katika kikao cha kamati ya ujenzi kilichofanyika hivi karibuni kule Nzuguni, jijini Dodoma, tukiwa tumeketi magoti juu kwenye viti vya darasa la chekechea, niliuliza swali ambalo hulitanguliza kabla ya kutazama ramani yoyote: hati ya kiwanja hiki iko kwa jina la nani? Mwenyekiti, mzee wa kanisa mwenye heshima zake, alitabasamu na kunijibu kwa upole, "Mtaalamu, sisi ni ndugu katika Kristo. Ndugu hawaandikiani." Wajumbe wa makanisa manne wakaitikia amina. Kazi yangu ni kuzishauri kamati za namna hii kuhusu fedha na uchangishaji, na jibu hilo nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba leo nimeamua kuliandikia.

Dhana hiyo hupambwa kwa sala ya Yesu katika Yohana 17, kana kwamba aliyeomba wote wawe na umoja alikataza pia kutunza nyaraka. Ukweli ni kwamba kundi la makanisa lisilosajiliwa halina nafsi ya kisheria, na kwa hiyo haliwezi kumiliki ardhi kwa jina lake. Kwa taasisi za dini, njia iliyozoeleka ni kuwa na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Pasipo bodi hiyo, kiwanja huishia kwa jina la mchungaji mmoja ambaye kesho atahamishwa, au la kanisa lililotangulia kufika, au, na hili ndilo huniumiza kichwa zaidi, kwa jina la muumini mwema aliyekinunua kwa fedha zake na ambaye warithi wake hawajawahi kusikia habari za umoja wa Wakristo.

Upo msingi mmoja ninaoupita kila ninapokwenda upande wa mashariki wa jiji. Nondo za nguzo zimesimama hewani zikiwa zimeshika kutu, na jirani amefunga kamba ya kuanikia nguo kati ya mbili kati ya hizo. Fedha haikuisha pale, kwa maana hata mabati yalikwisha kununuliwa. Liliibuka tu suala la kibao cha getini, kwamba ni dhehebu gani liandikwe juu, na kabla halijapoa likaja la nani atautumia ukumbi Jumapili saa tatu asubuhi, na hapakuwa na karatasi hata moja ya kurejea. Makanisa yaligawana mabati na kila moja likarudi kwake, na hadi leo hawajakubaliana kama mgawanyo ule ulikuwa wa haki.

Waliotutangulia hawakuona haya kuandika. Mwongozo wa Kanisa Katoliki kuhusu umoja wa Wakristo, uliotolewa mwaka 1993, unakubali kwamba hali fulani zinaweza kufanya jengo limilikiwe au litumiwe kwa pamoja, lakini unataka wahusika wakubaliane kwanza jinsi taratibu za kila upande zitakavyozingatiwa, hasa kuhusu sakramenti, kisha waweke kwa maandishi mambo ya fedha na wajibu wa kisheria. Uingereza ilitunga sheria mahsusi ya matumizi ya pamoja ya majengo ya kanisa mwaka 1969. Na kwa wale wanaodhani kwamba haya ni mambo ya kigeni, Mtume Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu alihakikisha anaandamana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, asije akalaumiwa kwa habari ya fedha ile. Someni 2 Wakorintho 8 hadi mwisho, msiishie kwenye mstari wa mtoaji mchangamfu, ambao hata hivyo uko sura inayofuata.

Makubaliano hayo hayahitaji kurasa hamsini. Yataje wadhamini ni akina nani, kila kanisa limeleta nini, pamoja na kiwanja na nguvu kazi vikithaminishwa kwa shilingi, ratiba ya Jumapili ni ipi, na nani atalipia umeme na mlinzi. Kisha kiwepo kifungu ambacho kila kamati hukikwepa: kanisa likijitoa, litaondoka na nini? Mimi hushikilia hicho kiandikwe cha kwanza, wakati watu bado wanapendana.

Kamati hunilalamikia kwamba waumini wamekuwa wagumu kutoa. Mama mmoja wa kwaya aliniambia bila kuzunguka, "Kuku nitampeleka mnadani, lakini nikiulizwa nyumbani ukumbi huo ni wa nani, nitasema nini?" Mama huyo hutoa bahasha yake kila mwezi usharikani kwake, ambako anapewa risiti na kusomewa mapato na matumizi, na kwa hiyo tatizo si uchoyo.

Dhana nyingine nazipitia kwa haraka. Wapo wanaohofu kwamba umoja ni kumezana. Jumuiya ya Kikristo Tanzania, ambayo makao yake makuu yako hapa hapa Dodoma, ilianza mwaka 1934, na bado Waanglikana, Walutheri, Wamoraviani na Wamenonaiti waliomo ndani yake wana maaskofu na ibada zao. Baraza la Makanisa Ulimwenguni nalo lilitamka huko Toronto mwaka 1950 kwamba halikusudii kuwa kanisa juu ya makanisa. Isitoshe, baadhi ya mipaka yetu ilichorwa na njia za wamisionari: wa CMS, shirika la Kianglikana kutoka Uingereza, walifika Mpwapwa, huku kwetu Ugogoni, mwaka 1876, Wamoraviani wakafika Rungwe mwaka 1891, na Mgogo mwenzangu anayenitetea Uanglikana kwa jasho angezaliwa Rungwe huenda angekuwa anatetea Umoraviani kwa jasho lile lile.

Kwamba mfadhili wa nje atamalizia? Mfadhili makini huanza kwa kuuliza hati iko wapi na ninyi wenyewe mmetoa kiasi gani.

Kwamba waumini wetu ni maskini, hivyo tutafute mgeni rasmi mzito? Kaya 400 zikitoa shilingi 5,000 kila mwezi, mwaka unaisha zikiwa zimekusanya milioni 24, ilhali ahadi zinazotamkwa kwenye kipaza sauti huwa na tabia ya kubaki ukumbini. Kamati nyingi pia hupenda kuzindua mchango katika Wiki ya Kuombea Umoja wa Wakristo, kuanzia tarehe 18 hadi 25 Januari, mwezi ambao kila mzazi anahangaikia mahitaji ya shule na ghala la mkulima limebaki vumbi. Ombeni pamoja wiki hiyo kama kawaida, lakini bahasha zigawiwe baada ya mavuno ya mtama na alizeti, na kwa wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi, ambao huvuna mara mbili kwa mwaka, ahadi igawanywe katika awamu mbili.